Mpangilio Umepotea: Juu ya Majina ya Sehemu za Dirisha la Barua Pepe

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo ambalo watumiaji wengi wa kompyuta maofisini wamekwisha kulipata, nalo ni kupotelewa na mkao waliouzoea wa barua pepe mara tu programu inaposasishwa. Kwa mtazamo wa kwanza jambo hili laonekana kuwa la mafundi wa kompyuta, wala si la wanalugha. Hata hivyo, tumeona kwamba sehemu kubwa ya hasara inayopatikana hapo husababishwa na uhaba wa majina yaliyo wazi. Mtu aliyepotelewa na kitu asichoweza kukitaja hana njia ya kumwambia mwenziwe amsaidie kukitafuta. Tungependa basi kueleza kwanza jinsi mambo yalivyo, kisha tutoe mapendekezo yetu kuhusu istilahi.

Kisa chenyewe

Tuanze na kisa tulichokishuhudia wenyewe. Tulikuwa tumekwenda katika ofisi moja ya umma kwa shughuli nyingine, tukamkuta karani wa masjala, mama mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka mingi, akiwa katika dhiki. Kwa muda mrefu alikuwa amezoea kufungua barua pepe za ofisi katika dirisha lenye sehemu tatu: majalada upande wa kushoto, orodha ya barua katikati, na barua yenyewe upande wa kulia. Barua zisizosomwa alikuwa amezipanga zitangulie juu ya orodha. Asubuhi moja aliwasha kompyuta, na programu ilikuwa imekwisha kusasishwa usiku. Orodha ilikuwa imeenea dirisha zima, barua haikuonekana mpaka ibonyezwe, na zile zisizosomwa zilikuwa zimechanganyika na zilizosomwa.

Yule mama alimpigia simu fundi wa kompyuta aliyekuwa makao makuu, akamwambia, "Mwanangu, mpangilio wa barua zangu umepotea." Fundi akamjibu kwa adabu, "Pole, mama. Ingia kwenye Mipangilio, halafu bonyeza palipoandikwa Rejesha mipangilio ya awali." Mama akafanya alivyoambiwa. Mkao wake wa zamani haukurudi. Badala yake alipotelewa na saini ya ofisi iliyokuwa ikijiandika chini ya kila barua, pamoja na kanuni zote alizokuwa ameziweka ili barua za kila idara zijipange katika jalada lake.

Katika mchafuko huo barua moja ilikaa siku 11 bila ya kusomwa. Ilikuwa ya mwalimu aliyekaribia kustaafu, akiomba jina lake lisahihishwe katika kumbukumbu kabla ya hesabu za mafao yake kufungwa. Ilipopatikana zilikuwa zimesalia siku tatu tu. Barua haikuwa imepotea hata kidogo. Ilikuwa ndani ya kikasha kile kile muda wote, chini ya barua nyingine nyingi. Kosa la fundi halikuwa uzembe, wala la karani halikuwa ujinga. Kila mmoja alilisikia neno "mpangilio" kwa maana yake, na maana hizo zilikuwa mbili.

Barua na dirisha lake

Ili kulielewa jambo hili, hatuna budi kutenganisha vitu viwili ambavyo macho huviona kuwa kimoja, yaani barua na dirisha inamosomewa.

Barua pepe ni kitu cha zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ilikuwa mwaka 1971 ambapo Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani, alipotuma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kupitia mtandao, akachagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mwaka 1982 ulitolewa mwongozo wa kiufundi uliosanifisha umbo la barua hizo, na ingawa umefanyiwa marekebisho mwaka 2001 na mwaka 2008, kiini chake hakijabadilika. Kila barua huwa na kichwa na kiwiliwili. Katika kichwa hutajwa tarehe, mtumaji, mpokeaji, wanaopewa nakala, na jambo linalohusika. Aidha, kwa kawaida huwamo kitambulisho cha barua, na kama ni jibu, hutajwa pia kitambulisho cha barua inayojibiwa.

Mtumishi wa serikali hatayaona mambo haya kuwa mageni. Barua zetu rasmi nazo zina Kumb. Na., zina tarehe, zina anwani ya mwandikiwa, zina mstari wa Yah:, na mwishoni huwa na orodha ya wanaopelekewa nakala. Karani wa masjala aliyezoea kuiweka barua katika jalada linalostahili kwa kufuata namba ya kumbukumbu anafanya kazi ile ile ambayo programu huifanya inapokusanya pamoja barua na majibu yake kwa kufuata vitambulisho.

Dirisha ni jambo lingine. Wapi orodha ikae, herufi ziwe nene au nyembamba, barua isomwe pembeni au chini, hayo yote hayamo katika barua. Ni maamuzi ya programu iliyomo katika kompyuta ya msomaji, au ya tovuti anayoitumia. Barua zenyewe kwa kawaida hukaa katika seva, yaani kompyuta inayozihifadhi kwa niaba ya watu wengi. Kwa hiyo watu wawili waweza kuifungua barua moja kwa programu mbili, kila mmoja akaiona kwa sura yake. Na kwa sababu hiyo hiyo, dirisha laweza kubadilika usiku mmoja bila ya herufi hata moja ya barua kuguswa. Laiti yule karani angaliambiwa hivyo tangu mwanzo, hofu yake ingalipungua nusu.

Kwa nini machaguo hutoweka

Mtumiaji hujiuliza, na ana haki ya kujiuliza, kwa nini watengenezaji waondoe chaguo lililokuwa likimfaa. Sababu ziko kadhaa, nasi tutazitaja zilizo kubwa.

Sababu ya kwanza ni kujengwa upya kwa programu. Mfano mzuri ni Thunderbird, programu ya barua pepe ambayo toleo lake namba 1.0 lilitoka mwaka 2004. Mnamo Julai 2023 lilitolewa toleo namba 115, lililopewa jina la Supernova. Sehemu inayoonyesha orodha ya barua ilijengwa upya, upau mmoja wa zana ukawekwa juu ya dirisha zima, na pamoja na mwonekano wa jedwali ukaongezwa mwonekano wa kadi. Katika jedwali kila barua hushika mstari mmoja uliogawanywa kwa safuwima za mtumaji, jambo na tarehe. Katika kadi kila barua hushika mistari zaidi ya mmoja, na vichwa vya safuwima havionekani. Sasa mtu aliyezoea kubonyeza kichwa cha safuwima ili apange barua kwa tarehe au kwa jina la mtumaji, akijikuta katika kadi, huona kwamba uwezo wa kupanga umeondolewa. Kumbe haukuondolewa, umehamishiwa katika kitufe kilicho juu ya orodha. Na jedwali lenyewe bado lipo kwa anayejua kuliomba.

Sababu ya pili ni programu moja kuondolewa na nyingine kushika nafasi yake. Programu ya Mail iliyokuja pamoja na Windows iliachwa na Microsoft tarehe 31 Desemba 2024, na waliokuwa wakiitumia wakaelekezwa kwenye Outlook mpya, iliyojengwa juu ya msingi wa Outlook ya wavuti. Hapo mtumiaji hakubadilishiwa samani tu, alihamishwa nyumba.

Sababu ya tatu ni hesabu. Kila chaguo la kuwasha au kuzima huzidisha mara mbili idadi ya hali ambazo programu yaweza kuwa nazo. Machaguo 10 tu ya namna hiyo huzaa hali 1,024, nazo zote zapaswa kufanya kazi bila ya kasoro. Watengenezaji hupunguza machaguo ili wapunguze mzigo huo, na hupunguza hasa yale wanayodhani kuwa yana watumiaji wachache. Zaidi ya hayo, sura moja hutakiwa siku hizi ifae kompyuta ya mezani na simu ya mkononi, na kisichoenea katika kioo kidogo huwa katika hatari ya kuachwa.

Ni haki pia kusema kwamba malalamiko ya watumiaji hayaendi bure nyakati zote. Gmail ilipoanzishwa mwaka 2004 ilikusanya barua na majibu yake kuwa kitu kimoja, na mtumiaji hakupewa njia ya kuzitenganisha. Wengi walilalamika, na mwaka 2010 Google ikaongeza chaguo la kuzima mkusanyo huo. Kwa upande mwingine, sura mpya ya Gmail iliyoenezwa mwaka 2022 ilikuja kwanza na njia ya kurudi kwenye sura ya awali, na baadaye njia hiyo ikafungwa. Twaona basi kwamba machaguo huja na huenda. Mtumiaji wa programu ni mpangaji katika nyumba ya mwingine. Mwenye nyumba hubisha hodi au habishi, lakini funguo anazo.

Neno moja, dhana tatu

Hapa ndipo kazi ya wanalugha inapoanza. Kitenzi "panga" kimezaa maneno mengi: mpango, mpangilio, upangaji, mpangaji. Katika lugha ya kompyuta neno "mpangilio" limebebeshwa dhana tatu zilizo mbali mbali.

Kwanza, hutumika kwa jinsi sehemu za dirisha zinavyokaa. Pili, hutumika kwa utaratibu wa barua katika orodha, yaani ipi itangulie na ipi ifuate. Tatu, katika hali ya wingi, "mipangilio," hutumika kwa mahali ambapo mtumiaji huweka matakwa yake kuhusu programu nzima. Maana hii ya tatu ndiyo iliyoenea kupita zote, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa katika simu zinazotumia Kiswahili. Karani alikusudia maana ya kwanza na ya pili. Fundi alisikia ya tatu. Tofauti ya umoja na wingi, ambayo kwa sikio la kawaida ni ndogo mno, ilitakiwa kubeba mzigo usioweza kubebwa na kiambishi kimoja.

Lugha ya kawaida huvumilia neno lenye maana nyingi, maana muktadha huamua. Istilahi haivumilii hivyo. Mtu anayesoma mwongozo huku kompyuta iko mbele yake hana muda wa kupima muktadha. Atabonyeza kile kinachofanana na alichokisoma.

Mapendekezo

Tunapendekeza kanuni moja iwe msingi: sehemu ya dirisha ipewe jina kwa kazi inayoifanya, isipewe jina kwa mahali ilipo wala kwa sura yake ya leo. Kazi hudumu, mahali huhamishwa. Kitenzi "sasisha" chenyewe ni mfano mwema. Kimeundwa kutokana na "sasa" kwa kiambishi cha kusababisha, na maana yake ni kukifanya kitu kiwe cha wakati huu. Hakitaji namna kazi hiyo inavyofanyika, na kwa hiyo hakichakai mbinu zikibadilika.

Kwa kufuata kanuni hiyo, twapendekeza matumizi yafuatayo:

(a) Mipangilio. Neno hili libaki katika wingi tu, kwa maana ya mahali pa kuwekea matakwa ya mtumiaji. Kulibadilisha sasa ni kuwasumbua waliokwisha kulizoea katika simu zao.

(b) Mkao. Jinsi sehemu za dirisha zinavyokaa. Neno ni la Kiswahili cha kila siku, linatokana na "kaa," na halina ushindani katika uwanja huu. Tutasema "mkao wa dirisha umebadilika."

(c) Mfuatano. Utaratibu wa barua katika orodha: mfuatano wa tarehe, mfuatano wa majina, zisizosomwa kwanza.

(d) Mwonekano. Umbo ambalo orodha huonyeshwa nalo, kama vile mwonekano wa jedwali na mwonekano wa kadi.

(e) Kidirisha cha kusomea. Sehemu barua inamosomewa bila ya kuiacha orodha. Miongozo mingi huiita "sehemu ya kulia." Jina hilo hufa siku ile sehemu hiyo inapohamishiwa chini.

(f) Upau wa zana. Ukanda wenye vitufe vya kazi. Upau ni ule mti mwembamba ulazwao katika paa la nyumba. Tashbihi inafaa, nalo neno limekwisha kuingia katika programu.

(g) Mfululizo wa barua. Barua pamoja na majibu yake. Programu kadhaa huandika "mazungumzo," nalo si kosa, ila katika barua za kiofisi neno hilo lina wepesi usiolingana na shughuli.

(h) Chaguo-msingi. Hali ambayo programu huwa nayo kabla mtumiaji hajachagua lolote. "Rejesha" pasipo kutaja kinachorejeshwa liepukwe kabisa, maana ndilo lililomponza karani wetu.

Hatudai kwamba kanuni yetu haina mipaka. "Safuwima" na "safumlalo" ni majina ya umbo, na hayana budi kuwa hivyo, kwani wima na ulalo ndio asili ya vitu hivyo. Ni pale tu ambapo umbo au mahali si asili ya kitu ndipo tunapoonya.

Ushauri kwa waandishi wa miongozo na walimu

Mfasiri au ofisa anayeandika mwongozo wa barua pepe azingatie mambo manne. Ataje mwanzoni jina la programu, namba ya toleo na tarehe ya kuandikwa kwa mwongozo. Kabla ya kila hatua aseme kusudi lake: "Ili barua zisizosomwa zitangulie, badilisha mfuatano." Msomaji anayejua kusudi aweza kutafuta kitufe kilikohamia, anayejua hatua tu hukwama. Mahali pa kitufe pasitajwe peke yake bila ya jina lake. Na kila mwongozo ueleze njia ya kutafuta barua kwa jina la mtumaji au kwa maneno ya mstari wa jambo, kwa sababu utafutaji haujali mkao. Laiti yule karani angaliandika jina la mwalimu katika nafasi ya kutafutia, barua ingaliinuka papo hapo. Ni kweli kwamba hakujua kuwa mwalimu ameandika. Lakini programu nyingi huweza pia kuchuja orodha na kuonyesha zile zisizosomwa peke yake, na hilo lilikuwa likimtosha.

Kwa walimu tunalo ombi moja. Wawafundishe wanafunzi barua kabla ya dirisha. Mwanafunzi akishajua kwamba kila barua pepe ina mtumaji, mpokeaji, jambo, tarehe na nakala, kama barua rasmi aliyoifundishwa darasani, atakuwa na mambo matano ya kuyatafuta katika dirisha lolote atakalowekewa mbele yake. Aliyefundishwa kubonyeza pembe ya juu kulia amefundishwa jambo la mwaka mmoja.

Hitimisho

Tangu miaka ya 1970, Baraza lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, swali la istilahi limekuwa lile lile: je, neno hili litamwezesha mtu kufanya kazi yake? Watengenezaji wa programu wataendelea kuhamisha vitufe, na wala hatuna uwezo wa kuwazuia. Lililo katika uwezo wetu ni kuhakikisha kwamba karani akisema "mkao," fundi hasikii "mipangilio." Mwalimu tuliyemtaja alisahihishiwa jina lake kabla ya siku zile tatu kwisha. Kanuni za karani na saini ya ofisi zilichukua karibu wiki nzima kuandikwa upya.

Maneno tuliyoyapendekeza si hukumu. Wasomaji walio na majina bora zaidi, hasa wale wanaofanya kazi katika masjala na madarasani, tunawaomba watuletee, na ikiwezekana waeleze pia yalitumika wapi na yalieleweka vipi.